Dakika Tisa za Kuandika Ndiyo

Mimi ni fundi cherehani wa Tabora mjini, na kwa miaka mingi nimejisifu kwa mambo mawili: kanzu zangu hazina mshono uliopinda, na ujumbe wangu hauna neno lililokatwa. Siandiki "xaxa" nikimaanisha "sasa". Siandiki "cjui". Mtu akiniandikia hivyo, humjibu kwa sentensi kamili yenye mkato na nukta, ili ajue kuwa nimekasirika. Mke wangu husema nina kiburi cha kalamu, na simbishii.

Kiburi hicho ndicho kilichomfanya dada yangu anichague niwe mshenga wa mwanawe. Kwa kawaida mshenga hutafutwa mtu wa nje, mwenye ulimi laini na subira, si mjomba mtu, tena mjomba mwenye hasira za karibu kama mimi. Lakini posa hii ilikuja na sharti. Binti alilelewa na shangazi yake huko Kaliua, na shangazi huyo alisema tangu siku ya kwanza kwamba mazungumzo yote yatakuwa ya maandishi. Barua ya posa aliipokea vizuri. Yaliyofuata, alisema, yaandikwe kwenye kundi la simu, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hakutaka kupigiwa simu wala kutumiwa ujumbe wa sauti. "Neno la mdomo halina mpini," aliandika. "Likikuponyoka, hulishiki tena." Dada yangu aliposoma hayo aligeuka akanitazama.

Kundi lilikuwa na watu kumi na mmoja, na niseme ukweli, nililifurahia mno. Kila ujumbe nilianza kwa salamu ndefu. Niliuliza hali za wagonjwa, mvua na mazao kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Kila Ijumaa niliwatumia mapicha yanayochezacheza, ya mawaridi, taa na maandishi ya kutakiana heri, yale unayoyachagua humohumo kwenye kibodi bila kutoka. Picha moja haikunitosha. Nilituma tatu, nne, na nikiona hazijanoga, natafuta nyingine. Hakuna aliyeniomba picha hizo.

Baada ya miezi kama miwili, kibodi ikaanza kuleta maringo. Nabonyeza herufi, haitoki. Nabonyeza tena, zinatoka mbili kwa pamoja. Kwanza nililaumu mtandao. Nikawa naandika nimesimama mlangoni, mkono mmoja juu, wateja wakipita chini ya kwapa langu kuingia dukani. Baadaye nikalaumu vumbi, nikafuta kioo kwa kipande cha flana hadi kikang'aa. Nikafuta picha za harusi za watu ambao hata sikuwakumbuka. Nikazima na kuwasha. Ilikuwa vilevile. Jirani yangu wa kibanda cha vocha aliitazama, akasema simu imezeeka, ninunue nyingine. Nilimwambia na yeye amezeeka na hakuna aliyemshauri mkewe anunue mwingine. Hatukusalimiana siku mbili.

Ajabu ni kwamba mambo mengine yote ya simu yalikwenda sawa. Picha zilifunguka, simu zilipigika. Kuandika tu ndiko kulikokuwa na kinyongo. Nikaanza kupunguza maneno. Salamu zikafupika, mkato ukapotea, na siku moja nilijikuta nimetuma ujumbe usio na nukta mwishoni. Nilisikia aibu mchana kutwa.

Hapo ndipo lilipokuja swali la shangazi.

Ilikuwa alasiri, nina kanzu ya bwana harusi mwingine kwenye cherehani. Simu ikalia. Shangazi aliandika hivi: "Mshenga, binti yetu anafanya kazi ya maabara zahanati na amepata nafasi ya kwenda kusoma Mwanza miaka miwili. Je, mkimuoa mtamwachia akasome amalize, kabla hajahamia kwenu? Nataka jibu lenu hapa, wote waone."

Swali lilikuwa zito, na mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kalamu. Nikapanga kichwani aya mbili nzima: ya kwanza kuisifu elimu, ya pili kuisifu familia yetu kwa kuipenda elimu. Nikaanza: "Assalamu alaikum." Ile A ilitoka baada ya mimi kupata nafasi ya kukohoa. Herufi za S zikaja tatu. Nikafuta, ikafuta zaidi ya nilivyotaka. Nikaanza upya. Nikafika kwenye "alaikum" na kibodi ikazama yote, kioo kikabaki cheupe, kisha ikarudi polepole. Nikafuta tena. Jasho likanitoka. Nilianza mara tano au sita, kila safari nikipunguza aya, kisha sentensi, kisha salamu yenyewe, mpaka nikabaki na neno moja, nikalituma lilivyo: "Ndiyo."

Nikaweka simu chini, nikashukuru yameisha. Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Kumbe muda wote huo, kwenye simu za wenzangu kumi, juu ya kioo palikuwa pameandikwa kwamba mimi naandika. Naandika, naacha, naandika, naacha. Kule Kaliua shangazi alikuwa ameketi na simu mkononi na saa ya ukutani mbele yake. Jibu lake lilikuja mara moja: "Dakika tisa nimekuona ukiandika na kufuta. Kisha unatupa ndiyo moja, kavu, isiyo na hata salamu. Wewe, ambaye kila Ijumaa unatujazia maua! Yale uliyoyafuta yalisemaje?"

Nikajaribu kueleza kwamba ni kibodi. Nilipofika kwenye "Ni ki", yeye alikuwa amekwisha andika ujumbe wa pili: "Ndiyo ya namna hiyo siitaki. Posa isimame hapo."

Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena, akakata. Dada yangu alifika dukani kwangu jioni ile akiwa amejifunga kanga vibaya, analia na kunigombeza kwa pamoja. Alisema amenipa kazi ya kuandika tu, kuandika, kitu ninachojisifu nacho mji mzima, na nimemharibia mtoto. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alikuja nyuma yake. Alikaa kwenye benchi langu la wateja akitazama viganja vyake. Nilitamani anitukane.

Usiku wa siku ile sikuwa na usingizi, na asubuhi nikapanda basi la Kaliua. Mke wangu alinifungia kilo mbili za sukari na majani ya chai, akaniambia nikifika nitangulize mzigo, ulimi ufuate. Njia nzima nilikuwa na hasira. Niliikasirikia simu, shangazi, hata aliyebuni jambo la kumwonyesha mtu kwamba mwenzake anaandika. Zamani uliweza kuchana barua kumi na mbili, ukatuma ya kumi na tatu, na aliyeipokea akadhani umeiandika kwa mkupuo mmoja. Tulikuwa na heshima zetu.

Nyumba ya shangazi haikuwa mbali na stesheni. Nilimkuta barazani akichambua mchele, mwanamke mwembamba aliyenizidi miaka kama kumi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema, nikainama zaidi ya kawaida.

"Marahaba, mshenga. Mwangaluka," akaongeza salamu ya kwao ya asubuhi. "Umekuja na miguu yako, au na wewe umechukua dakika tisa njiani?"

"Saa kadhaa, Shangazi. Na nimekuja na sukari."

Alicheka kidogo, akaficha kicheko. Akanionyesha kiti. Nikamweleza yote: kibodi, vumbi, mlango, jirani wa vocha. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akajipangusa mikono.

"Lete simu," akasema. Kisha akabadili nia, akairudisha mkononi mwangu. "Hapana. Andika wewe, mimi nione. Andika mchele."

Nikaandika. M ikatoka. Tukaingoja C. Tukaendelea kuingoja. Jogoo mmoja alipita mbele yetu toka pembe hii ya uwanja hadi ile, na tulipotazama tena, H ndiyo ilikuwa inaingia. Shangazi alivaa miwani yake. E ilipotokea akaanza kutikisika mabega, na kufikia L alikuwa ameshika ubavu, machozi yanamtoka, sinia la mchele limeinama hadi punje zinamwagika. Mimi nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, na kwa sababu ilikuwa nafuu kubwa kuona mtu mwingine akiyaona mateso yangu.

"Pole, kaka yangu," akasema alipopata pumzi. "Pole sana. Yangu ilinifanyia hivyohivyo mwaka jana. Binti akanionyesha dawa yake, na haina gharama."

Akaniambia nifungue mipangilio, niingie kwenye programu, niitafute kibodi katika ile orodha ndefu. Sikujua kwamba kibodi nayo ni programu kama nyingine. Siku zote nilidhani imezaliwa na simu. Nikaibonyeza, nikaingia palipoandikwa hifadhi na akiba, na nikakuta tarakimu kubwa kuliko nilivyotegemea kwa kitu kinachobeba herufi tu.

"Haya ni nini yote?" nikauliza.

"Maua yako ya Ijumaa," akasema. "Kila picha uliyoitafuta humo kwenye kibodi, hata usiyoituma, imeacha nakala. Imejaza chumba, sasa yenyewe haina pa kukanyaga."

Chini palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema futa data, kingine futa akiba. Kidole changu kikaenda kwenye cha kwanza, maana akiba kwetu ni kitu cha kuwekwa, na shangazi akanipiga kofi la mkono kama mtoto anayegusa sufuria ya moto.

"Hicho usikiguse! Hicho kitaondoa mpaka maneno yote iliyojifunza kwako na mipangilio yote uliyoiweka. Bonyeza akiba. Wewe si fundi cherehani? Ukimaliza kanzu, vipande vilivyoanguka chini ya meza unavifanya nini?"

"Navifagia."

"Basi fagia. Kanzu haitapungua."

Nikabonyeza. Tarakimu ikashuka ikawa sifuri. Akaniambia nizime simu na kuiwasha, ianze na akili mpya. Simu yangu huchukua muda kuwaka, na katika kuingoja, shangazi alianza kusema huku akikusanya punje zilizomwagika.

"Usinione mtu wa visa, mshenga. Mimi niliposwa nikiwa na nafasi ya chuo cha ualimu. Baba yangu aliuliza swali hilihili nililokuuliza. Mshenga wao akajibu ndiyo papo hapo, kwa tabasamu, hata kabla ya kumaliza kikombe. Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa radhi. Lakini nilipofika kwao, wazee wake walisema hawakumtuma mshenga kuahidi shule ya mtu. Mshenga alipotafutwa akasema yeye alikuwa anafungua mlango tu. Sikusoma. Nimeishi vizuri, sikatai, ila sikusoma." Akaokota punje nyingine. "Huyu binti ni wa kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita. Kama ni kukatazwa, bora akatazwe sasa, kwa maandishi, akiwa bado kwangu."

Simu ikawaka. Nikafungua mahali pa kuandika, nikagusa herufi, ikatoka. Nikagusa nyingine, ikatoka. Nikaandika "Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh" kwa mkupuo mmoja, mkato na nukta juu yake, na nilifurahi hadi nikataka kumtumia jirani wa vocha ujumbe wa matusi ulionyooka.

Shangazi hakuningoja nimalize sherehe. Alichukua simu yake, akaandika, na yangu ikalia palepale mapajani. Swali lilikuwa lilelile, neno kwa neno, ila safari hii halikuwa kwenye kundi. Lilikuwa langu peke yangu.

"Sasa jibu," akasema. "Kisingizio kimefagiwa."

Nikaandika "Ndiyo" kabla hajaegemea kiti. Herufi nne... tano, zote zimekaa tayari, kilichobaki ni kubonyeza kutuma. Sikubonyeza. Shangazi alinitazama juu ya miwani. Kibodi ilikuwa nyepesi kabisa, haikuwa na kosa lolote, na mimi nilikuwa nimekwama.

Nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo lilinitia haya kuliko nukta niliyoisahau. Katika zile dakika tisa dukani, nikihangaika na herufi, sikumfikiria yule binti hata mara moja. Niliwaza aya zangu. Na tangu swali lilipoulizwa mpaka nilipopanda basi, sikumuuliza mpwa wangu anasemaje. Alikaa kwenye benchi langu, hatua tatu kutoka nilipo, na sikumuuliza. Nilijibu ndiyo kwa sababu ndiyo ndilo neno la mshenga. Nami nilikuwa nafungua mlango tu.

Nikaifuta ile ndiyo. Nikaandika: "Sijamuuliza kijana. Wala mama yake. Niliwajibia bila kuwauliza, na kosa hilo si la simu. Naomba nafasi niwaulize." Nikatuma, nikabaki nimeinamisha kichwa nikitegemea kufukuzwa pamoja na sukari yangu.

Shangazi alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akasoma tena.

"Hili naliamini," akasema. "Waulize. Hapahapa, na waandike."

Nikaanza na dada yangu, kwenye kundi, mbele ya wote. Alijibu kwamba mkwe msomi hajawahi kumchoma mtu mkono, na kwamba angesema hivyo tangu mwanzo kama kaka yake angemuuliza. Hiyo nilistahili. Kisha nikamwandikia mpwa wangu, ambaye hakuwamo kwenye kundi la wazee. Nilimwandikia aya tatu, kwa kuwa sasa niliweza, nikimweleza uzito wa miaka miwili ya kungoja, upweke wa mwanamume, na kwamba yuko huru kukataa. Sikuwa nimemaliza kuzisoma upya nilipopata jibu lake:

"Mjomba hlo mm na yy tulishaongea kitambo. Aende tu. Hata fomu za chuo nilimprintia mm. Xaxa mlikuwa mnagombana nn?"

Shangazi aliigeuza simu yangu huku na huku. "Lugha gani hii?"

Nikamsomea kwa Kiswahili cha watu. Na ninakiri hapa kwamba ile "xaxa" ilikuwa nzuri machoni pangu kuliko sentensi yoyote niliyopata kuandika.

Akamwita binti. Alitoka ndani na unga mikononi, akanisalimu, akasimama kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia kila kitu, ilionekana.

"Ni kweli mlishaongea?" shangazi akamuuliza.

"Kweli, Shangazi."

"Na umeniacha nihangaike na maswali miezi yote hii?"

Binti alitazama chini, kisha akamtazama shangazi yake usoni. "Na wewe uliongea na marehemu mumeo, akawa radhi. Waliokuzuia walikuwa wazee. Mimi nilitaka neno la wazee."

Shangazi aliliweka sinia chini. Alinyoosha mkono, akamshika binti kifundo cha mkono chenye unga, akakishikilia. Mimi nilijifanya natazama sinia. Baadaye kidogo akaniambia, kwa sauti isiyokuwa ya utani, "Umesikia, mzee. Andika."

Nilidhani anamaanisha kwenye simu. Binti alikuwa ameshaingia ndani na kunawa, akatoka na daftari na kalamu ya wino. Nikaandika kwa mkono, kwenye meza ndogo ya baraza, kwamba sisi wazee wa upande wa mwanamume tumekubali binti akasome miaka miwili na amalize, na kwamba atakayemzuia atakuwa amevunja neno langu mimi, mjomba. Sikuweka maua. Iliishia mistari minne. Nikaweka jina langu lote, la baba na la babu, nikatia sahihi.

Binti alichana karatasi ile taratibu kutoka kwenye daftari, akaisoma mara mbili akiwa amesimama. Kando yake mezani palikuwa na mfuko wa mambo ya posa, wenye barua yetu ya kwanza na vitambaa vya sampuli. Hakuugusa. Aliingia chumbani, akarudi na faili la fomu zake za chuo, akaiweka karatasi yangu juu kabisa.